Upana wa Boriti

Skuli niliiacha kabla ya kuimaliza, na Kiingereza nilichokifanyia kazi ya tafsiri kwa zaidi ya miaka 30 nilikiokota katika vitabu vya kuazima na kwa kutega sikio redioni. Nalitanguliza hili si kwa kujigamba wala kwa kulalama, bali kwa sababu ndilo lililozaa kosa ninalotaka kulisimulia hapa.

Mwishoni mwa mwaka 2021, baada ya sala ya alasiri, alinijia binti wa jirani yetu nikiwa nimekaa barazani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

Habari za nyumbani zilikuwa njema, ila yeye alikuwa na shida. Alikwisha kupata shahada ya uhasibu, na akifanya kazi katika ofisi moja ya mjini. Sasa alitaka kwenda Marekani kusomea usanifu majengo. Nikamwuliza, mhasibu na majengo wapi na wapi? Akanieleza kwa utulivu kwamba huko shahada ya uzamili ya usanifu majengo ina milango zaidi ya mmoja. Uko mlango wa waliosoma fani hiyo tangu shahada ya kwanza, nao hukaa muda mfupi; na uko mlango wa aliyesoma fani yoyote nyingine, naye hukaa miaka mitatu au zaidi akianza na alifu. Huo wa pili ndio aliokuwa akiubishia hodi. Walihitaji matokeo yake ya chuo, mtihani wa Kiingereza, barua tatu za watu wanaomjua, jalada la michoro na kazi za mkono wake, na insha fupi ya kueleza nia.

"Hiyo insha ndiyo iliyonileta," akasema. "Nimeijaribu kwa Kiingereza, nikaona nasema maneno ya watu. Nikaiandika kwa Kiswahili. Nakuomba unifasirie."

Nilizipokea karatasi zake kwa furaha ambayo leo naitambua kuwa haikuwa safi. Katika maisha yangu hakuna chuo kilichopata kunitaka nijieleze. Kwa siri ya moyo, niliona mlango ule unabishwa kwa ajili yangu pia.

Insha yake ilikuwa juu ya ukuta mmoja. Nyumba ya bibi yake imo Mji Mkongwe, ule ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ukuta huo unatazama kichochoro. Wanawe bibi walipopata fedha waliupiga lipu ya saruji, ukang'ara kama mpya. Baada ya masika kadhaa lipu ikaanza kuvimba, kisha ikabanduka na mawe yake, na usiku mmoja kipande kizima kikaangukia kichochoroni. Mola alisitiri, hapakuwa na mpita njia. Fundi mzee aliyeitwa kuutazama aliweka kiganja chake ukutani akasema, "Huu umezibwa pumzi."

Binti aliyaeleza maneno hayo kama alivyoyafahamu kwa kuuliza na kutazama. Ukuta wa mawe ya matumbawe, uliojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, hunywa unyevu kutoka ardhini na katika mvua, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Saruji huufunga unyevu huo ndani. Chokaa ya ndani hulainika, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani huoza pasipo mtu kuziona. Ukuta hufa ungali umependeza.

Tangu siku hiyo alianza kuipima nyumba chumba kwa chumba, kwa utepe wa kupimia. Akashangaa kuwa chumba kimoja kina urefu wa kutosha harusi, kingine ni kifupi, lakini vyote vina takriban upana mmoja, na hakuna kilichozidi mita tatu. Alipomwuliza fundi, yule mzee alicheka. "Chumba hakimwulizi mwenye nyumba," alisema, "huuliza mkoko." Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kimo chake, atakaye ukumbi mkubwa ataurefusha, hatautanua. Mwishoni aliandika mistari michache juu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Alisema alisimama mbali na kifusi, akatambua kuwa anajua kuhesabu fedha za matengenezo, lakini hajui kwa nini jengo husimama. Alitaka kwenda kujifunza hilo.

Hayo ndiyo yote aliyoyaandika, na yalikuwa yanatosha.

Nilikaa nayo siku tisa. Tatizo la kwanza lilinichekesha: neno la Kiingereza la chokaa ndilo hilo hilo la ndimu, na nikaona wazungu wakidhani bibi huyu alijengewa nyumba kwa achari. Tatizo la pili lilikuwa baraza, ambayo kwa Kiingereza haikubali kuwa benchi wala kibaraza cha nyuma ya nyumba. Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa mimi mwenyewe, nami sikuliona. Ukuta wa bibi niliugeuza kuwa kuta za mababu zinazolia machozi ya karne. Maneno ya fundi niliyavika kilemba na joho. Tena nikatia ya kwangu, kwamba neno letu beti limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Kwamba Al-Khalil bin Ahmad, aliyeiasisi elimu ya arudhi katika karne ya nane, aliziita sehemu za vipimo vyake kwa majina ya kamba na vigingi vya hema. Kwamba nusu ya mstari wa shairi la Kiarabu huitwa kwa jina la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Yote hayo ni kweli, na ni mambo ninayoyapenda. Lakini hayakuwa ya binti huyu.

Nilipompa, aliisoma mara mbili kimya. "Nzuri sana, Maalim," akasema. Mimi nikasikia sifa. Sikuusikia ule unyamavu uliotangulia.

Alipeleka maombi katika vyuo vitatu. Kufika mwezi wa nne wa mwaka 2022 vyote vilikuwa vimemkatalia, kwa barua za adabu zinazofanana kama ndugu. Siwezi kuapa kuwa insha ndiyo iliyomwangusha. Waombaji ni wengi, na huenda jalada lake lilikuwa bado changa. Lakini chuo kimoja alikiandikia kuomba ushauri, wakamjibu kwa mstari mmoja, kwamba katika michoro yake walimwona mtu mmoja na katika insha wakamwona mwingine. Alinisomea mstari huo taratibu, kwa heshima, bila kuniinulia macho. Ningependelea anikaripie.

Mwezi Machi wa mwaka huo huo tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo, ilikuwa imekwenda kwa Francis Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kuipata. Binti alimsoma kwa pupa. Alikuja kunieleza kwamba mtu huyo alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, na kwamba skuli ya msingi ya kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001 kwa matofali ya udongo na nguvu za wanakijiji, aliijenga angali mwanafunzi. "Maalim," akasema, "yeye hakuupamba udongo. Aliutumia."

Sidhani alikusudia kunichoma. Lakini nilichomeka, na dawa huchoma.

Mwaka ule wa pili hakuniomba tafsiri. Aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha darasani, sentensi fupi fupi. Upana wa kila chumba aliutaja kwa tarakimu. Aliandika baraza na boriti kwa Kiswahili, akaeleza kila moja kwa mstari mmoja, basi. Mimi aliniomba jambo jingine: niwe mmoja wa watu watatu wa kumwandikia barua.

Fomu ile ilikuwa na visanduku. Jina. Kazi. Shahada ya juu uliyonayo. Nilikaa mbele ya kisanduku hicho cha tatu muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya beti yoyote. Nilihofu ubao wangu mtupu usije ukamwangusha mtoto wa watu mara ya pili. Nikamshauri atafute mtu mwenye cheo.

"Wenye vyeo hawakuniona nikipima," alijibu.

Basi nikaandika: Sina. Na katika kazi nikaandika: mtunzi wa mashairi na mfasiri. Barua yenyewe haikuzidi ukurasa. Nilisema kuwa nilimwona akiipima nyumba ya bibi yake mara tatu, kwa kuwa vipimo vya kwanza na vya pili havikuwafikiana. Kwamba alikataliwa akarudi kuuliza sababu. Na kwamba mwaka uliopita niliiharibu insha yake kwa mapambo, naye akanisamehe na kuiandika upya. Sikutia tashbihi hata moja.

Mwezi Machi 2023 chuo kimoja kilimkubali na kumsamehe sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki iliuza dhahabu ya bibi na kuingiza ukoo mzima katika deni ambalo bado linalipwa, na sitaki msomaji adhani milango hiyo hufunguka bure. Aliondoka mwezi Agosti. Kabla ya safari yule fundi mzee aliupiga ukuta lipu upya, mara hii kwa chokaa, naye binti akamshikia ndoo.

Ile tafsiri yangu bado ninayo. Siku moja niliichukua kalamu nikayakata maneno yote ambayo hayakuwa yake. Ilikuwa kurasa mbili. Ikabaki nusu ukurasa. Nimeiweka hapo mezani ninapofanyia kazi, na kila ninapopokea maneno ya mtu kuyavusha ng'ambo, huitazama kwanza nikajiuliza boriti yake ina kimo gani.