KILA MTU ALISUBIRI AKONDE, YEYE AKANENEPA

Jina kapuni. Wale wa enzi za dansi mnamjua, alikuwa mnenguaji wa bendi moja kubwa tu hapa Dar, yule wa mstari wa mbele aliyekuwa kama hana mfupa kiunoni. Siku hizi ni MC wa kitchen party, na ukimwona na dera lake utasema mama wa watoto sita. Anaye mmoja tu, wa kike, miaka 19.

Alijua ana VVU mwaka 2006, kliniki ya wajawazito. ARV hakuanzishiwa. Wakati ule mpaka CD4 zishuke chini ya 200 au uugue hasa, na zake zilikuwa 430. Akapewa kidonge cha nevirapine ameze uchungu ukianza, kumkinga mtoto. Mtoto alipopimwa, hana. Baba mtu alishahama nyumba zamani.

Habari zikavuja, si unajua mjini. Akipanda stejini watu hawaangalii tena kiuno, wanaangalia mashavu. "Kaungua yule, mwaka haumalizi." Na yeye mwenyewe alikuwa anajihesabia. Kikohozi kidogo tu, anajua ndo safari imefika.

Mwaka 2011 kikaja kikombe cha Babu, Loliondo. Mnenguaji mwenzake waliyekuwa wanapanga chumba kimoja alishaanza ARV na hali yake ilikuwa nzuri tu. Akaenda Samunge, akakaa kwenye foleni ya magari siku tatu, akanywa kikombe cha sh. 500, akarudi anacheka, dawa zote akazitupa chooni. Yeye hakwenda kwa sababu moja tu, hakuwa na nauli. Mwaka uliofuata TB ikampitia mwenzake, wakamzika. Ile kitu haijawahi kumtoka.

Kwa hiyo 2013, CD4 zilipofika 310 na kigezo kimeshapandishwa hadi 350, alianza dawa bila kubembelezwa. Kidonge kimoja kila usiku. Ila kidonge cha enzi hizo kilikuwa na efavirenz ndani, na bwana kile kinalewesha kama gongo! Anameza saa 3, saa 4 yuko stejini, dunia inazunguka. Siku moja akadondoka kabisa, mashabiki wakashangilia wakidhani ni staili mpya. Akilala anaota yuko kaburini anasikia watu juu wanapiga stori. Nesi akamwambia chagua saa nyingine, lakini ukishachagua usiibadilishe. Akachagua saa 9 usiku, bendi ikishafunga. Dawa akazihamishia kwenye kopo la vitamini, akajaza pamba zisilie mkobani. Anakaa Sinza, kliniki akajiandikisha Mbagala, asikutane na mtu.

2019 wakambadilishia, akapewa TLD. Ndoto zikakata na mwili ukaja. Kipimo cha wingi wa virusi kikasoma chini ya 50, yaani vipo ila vimelala, na akiendelea hivyo hivyo hawezi kumwambukiza mwenzake kitandani. UKIMWI wenyewe sasa, ule wa kinga kuisha, hajauonja hata siku moja. Wengine waliokuwa wanamhesabia wametangulia wao, na presha na bodaboda.

Binti ndiye alikuwa hajui. Mwezi uliopita wako sebuleni, binti yuko Instagram kwa msanii mmoja aliyekonda, anaandika komenti huku anacheka: "Ngoma hiyo, Desemba haifiki." Akamsomea mama ili wacheke wote.

Mama akaingia chumbani, akarudi na kopo na kadi ya kliniki, akaviweka mezani.

"Na mimi je?" Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Wewe huna, mwanangu. Ulipimwa."

Siku mbili hawakuongea. Binti anatoka asubuhi, anarudi usiku, shikamoo basi. Mama kitchen party ya Jumamosi ile aliiendesha, watu wakacheka, wakamtunza, hakuna aliyejua. Siku ya tatu binti akamkuta jikoni anachambua mchele.

"Kliniki unaenda lini?"

"Tarehe tisa."

"Twende wote."

"Mbagala ni mbali, na daladala mbili."

"Kwani hakuna kliniki Sinza, mama?"