Tairi Linaliwa kwa Ndani

Wasomaji wangu, leo siandiki habari za bunge wala za mpira. Naandika kuhusu gari langu na ujinga wangu mwenyewe. Wenye magari yaliyoshushwa, naomba msome mpaka mwisho.

Nilinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, mkononi mwa mtu, kwa akiba ya miaka minne. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua wenyewe. Kilichobaki kunikera kilikuwa kimo chake. Nikaenda gereji moja hapa Dar es Salaam, wakanifungia springi fupi, gari likashuka sentimita 4. Jamani, lilipendeza! Nikauliza, "Vipi kuhusu alaimenti?" Fundi akacheka. "Kaka, kwani limegonga? Si usukani umenyooka?" Nikaridhika. Mimi ambaye kazini siandiki habari bila kuuliza watu wawili, siku hiyo nilimwuliza mmoja tu.

Aprili 2024, katikati ya masika, nilikuwa nampeleka mama msibani Morogoro. Tulipopita Chalinze mvua ikakolea. Sikuwa nakimbia, nilikuwa kwenye 70. Tulipofika penye maji yaliyotuama, usukani ukawa mwepesi ghafla, kama umekatika. Nakata kushoto, gari linakwenda linakotaka. Na lori linakuja mbele yetu. Mama hakupiga kelele, alitaja jina la Mungu mara moja tu. Matairi yakashika tena, tukasimama pembeni, nusu ya gari ikiwa kwenye majani.

Mikese nilisimama kwa fundi pancha mmoja, mzee wa makamo. "Shikamoo mzee. Matairi ya mbele bado mazima, lakini gari limenikataa kwenye maji." "Marahaba. Hebu pitisha mkono huku nyuma, mwanangu." Nikapitisha. Upande wa nje, ule ninaouona kila asubuhi, kashata zote zipo. Upande wa ndani ni kipara kitupu, na waya zimeanza kuchungulia. Miguu iliniishia nguvu.

Niliporudi Dar nilitafuta gereji yenye mashine ya kupimia, na safari hii niliuliza mpaka nikaelewa. Ukishusha gari, mikono inayoshika gurudumu hubadilika pembe, na gurudumu nalo hubadilika mkao. Kwanza huinama: juu linaingia ndani, chini linatoka nje, kama mtu aliyesimama kwa kutanua miguu. Huo mwinamo mafundi wanauita kemba. Uzito unahamia ukingo wa ndani wa tairi.

Lakini mlaji mkubwa si kemba. Ni mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu, kama nyayo za mtu anayetembea. Yangu ya mbele yalikuwa yanatazama nje, moja huku na jingine kule, jumla milimita 4, yaani 2 kila upande. Nikajisemea moyoni, milimita mbili ni nini? Nikachukua kalamu. Rimu ya inchi 17 ina kipenyo cha milimita 432 hivi. Mbili kwa 432 maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja, kila tairi linaburuzwa kando kiasi cha mita 4.6. Kutoka Dar mpaka Morogoro, karibu kilomita 190, ni kama mita 880 za kusugua mpira kwenye lami. Na usukani umenyooka vilevile, kwa sababu kosa la kushoto na la kulia yanalingana na kusukumana. Ndiyo maana sikuhisi kitu.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kwanza gari litembee siku kadhaa springi zikae sawa. Kisha upepo wa matairi ulinganishwe, na bushi na tairodi zikaguliwe, maana ukipima juu ya bushi iliyokufa umetupa hela. Wanaanza nyuma, ndipo mbele, usukani ukiwa umefungwa katikati. Kwenye Impreza kama yangu, boliti ya juu inayounganisha shokapu ya mbele na gurudumu ina duara lisilo katikati. Ukiizungusha, kemba inabadilika. Mwelekeo wa mbele unarekebishwa kwenye tairodi. Nyuma unaweza kurekebisha mwelekeo, lakini kemba haina mahali pa kushika kwa vifaa vya kiwandani. Kwa hiyo nyuma yangu bado yameinama kidogo, na kila mwezi nachuchumaa kupapasa upande wa ndani.

Nililipa shilingi elfu thelathini. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yameniteketezea zaidi ya mara kumi ya hizo. Na hapo sijamtaja mama.

Mama hajawahi kunilaumu. Tuliporudi kutoka msibani aliniuliza kitu kimoja tu: "Hivi mwanangu, hii gari uliishusha ili iweje?" Nilifungua mdomo, nikakosa jibu. Mpaka leo sijalipata.

Basi ndugu yangu mwenye gari la chini, usisubiri mvua. Kata usukani mpaka mwisho, uchuchumae, upitishe mkono kule usikokuona. Tuonane wiki ijayo.