Dodoma: Usinunue Mlio wa Injini

Wengi tukisikia Dodoma tunawaza Bunge, zabibu na vumbi. Ongeza na Land Rover za zamani! Bodi yake ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni chuma, na huku hakuna chumvi ya bahari ya kuitafuna kama Dar au Tanga. Ndiyo maana mimi na mume wangu, tuliokuwa tukiota kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo kwa gari letu wenyewe, tuliitafuta hapa. Hela? Akiba yetu ya kiwanja.

Kwenye gereji moja Kizota, mzee fundi alitupokea kwa "Mbukwenyi!" kisha akatuonyesha 109, Series III. Ikawaka mara moja. Mume wangu akatabasamu kama siku ya posa. Mimi nikaomba kadi.

"Haya binti, njoo usome," mzee alisema, brashi ya waya mkononi. Kibati kilichopigwa ribiti ndani hakitoshi, maana kinaweza kung'olewa kikahamia gari lingine. Namba ya kuamini imegongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Tarakimu zikae mstari mmoja, kina kimoja. Ukiona alama za msasa au za kuchomelea pembeni, shtuka! Yetu ilikuwa safi, ikalingana na kadi.

Injini je? Namba hugongwa kwenye bloku, mbele kushoto. Mzee akafuta grisi. Haikulingana! Injini ilishabadilishwa, kadi ikaachwa vilevile.

"Si inawaka lakini?" mume wangu akaninong'oneza.

"Mpenzi, siku trafiki akifungua boneti utamjibu hivyo?"

Kubadili injini si dhambi, ila lazima TRA waiandike kwenye kadi. Halafu kuna thamani: kule Marekani, Ford Mustang ya miaka ya 1960 yenye injini yake ya kiwandani huuzwa ghali kuliko iliyobadilishwa.

Tukasimama pamoja: kadi irekebishwe, bei ishuke, ndipo hela itoke. Muuzaji alinuna, mume wangu naye kidogo. Wiki tatu baadaye kadi ikaja na namba sahihi, na bei ikashuka.

Mkienda, bebeni tochi na brashi ya waya. Na mkubaliane mapema, kabla injini haijawashwa, nani kati yenu atasema "hapana".