Rimoti ya Kumi na Tisa

Kwenye jengo tunaloishi hapa Sinza, Dar es Salaam, tuko kaya 14, geti moja na rimoti 31. Daftari la rimoti hizo ninalo mimi. Wapangaji walinichagua kwa sababu mbili: nakaa chini, karibu na geti, na siku ya kikao sikuwepo kukataa.

Kwetu Sibwesa, mkoani Katavi, sikuwahi kuona daftari la namna hii. Mgeni alisimama pembeni ya uwanja akapiga hodi. Mwenye nyumba akiitambua sauti alijibu karibu. Asipoitambua aliuliza, nani? Geti la umeme nalo linapigiwa hodi, ila halina la kuuliza. Likikujua linafunguka, lisipokujua linanyamaza.

Ukibonyeza rimoti, inatuma namba kwa mawimbi ya redio. Zile za bei rahisi hutuma namba ile ile kila siku, kwa hiyo mwenye kifaa cha kunakili anaweza kutengeneza nyingine. Zetu hubadilisha namba kila unapobonyeza, na kipokezi kilichopo kwenye mota kinajua namba zipi za kutarajia. Mfumo mmoja maarufu wa aina hiyo, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani.

Pamoja na ujanja wote huo, kipokezi chetu hakijui jina la mtu. Kinajua nafasi tu: ya 1, ya 2, mpaka ya 31. Rimoti ikipotea na hakuna anayekumbuka ilisajiliwa nafasi ya ngapi, fundi hufuta zote, kisha kaya zote 14 zinapanga foleni getini kusajiliwa upya. Ndiyo maana ya daftari: jina, nyumba, nafasi, tarehe.

Nafasi ya 19 ilikuwa ya dada wa kazi wa nyumba namba 9. Jumamosi moja jioni bosi wake alinipigia simu.

"Kaka, naomba umfute dada kwenye geti."

"Ameshaondoka, mama?"

"Yuko sokoni. Akirudi atajua mwenyewe."

Nilijua angejuaje. Angebonyeza, angedhani betri imeisha, angeigongagonga kiganjani kama tufanyavyo wote, angebonyeza tena. Mlinzi angemwangalia kwa aibu. Nguo zake na mshahara wake wa mwezi viko ndani, na yeye yuko barabarani na mfuko wa nyanya za watu.

Nikamwambia nitamfuta, ila kwanza amwambie kwa kinywa chake, na dada achukue vitu vyake. Alikasirika. Alinikumbusha kwamba rimoti aliinunua yeye na mchango wa geti analipa kama wengine. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Haisemi popote kwamba notisi hiyo inaweza kutolewa na geti.

Dada alirudi saa moja usiku, akabonyeza, geti likafunguka. Waliyozungumza huko juu siyajui. Jumatatu asubuhi alishuka na begi, akanikabidhi rimoti, akanitakia siku njema. Nikaifuta nafasi ya 19.

Kwenye kikao kilichofuata nilileta hoja: asifutwe mtu kabla hajaambiwa. Jirani mmoja akauliza, na akiwa mwizi je? Swali la haki. Tukakubaliana kwamba rimoti iliyoibwa au kupotea inafutwa saa hiyo hiyo, bila kusubiri mtu. Lakini anayefukuzwa kazi, mpangaji anayehamishwa, na mume anayeondolewa nyumbani, hao si rimoti iliyopotea. Tunajua walipo, na simu zao zinapatikana.

Wawili hawakuafiki, waliobaki walinyoosha mikono. Usiku ule nilichukua rula nikachora safu ya tano kwenye daftari. Juu yake niliandika: Ameambiwa na nani.