Akiba Inayooza

Usiku wa mkesha wa msiba wa baba, umeme ulikatika saa mbili na robo. Wanawake walikuwa nje wanachambua mchele wa kesho yake, na uani watu wamejaa kwenye mikeka na viti vya kukodi. Sikubabaika. Nilikuwa na jenereta ya petroli niliyoinunua miaka miwili nyuma. Nilikuwa nimeifunika turubai, na kila Jumapili nikiifuta vumbi. Nikaenda stoo na tochi yangu kwa mwendo wa mtu ambaye siku yake imefika.

Nikazungusha ufunguo, ikalia "tk". Nikazungusha tena, hata hiyo "tk" ikawa haipo. Vijana wakaingia kwenye kamba, wakavuta kwa zamu mpaka mmoja akavua shati. Jenereta ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Tulikesha kwa tochi za simu na chemli mbili za jirani.

Fundi alikuja siku ya tatu, msiba umeshapungua watu. Akauliza niliiwasha lini mara ya mwisho. Nikamwambia tangu niinunue nimeiwasha mara mbili tu, naitunza. Hakunijibu. Akafunga koki ya petroli, akafungua boliti ya chini ya kabureta, bakuli likatoka. Akalinusa, akanisogezea na mimi. Petroli hainuki vile. Ilikuwa harufu ya vanishi iliyosahaulika kwenye kopo, na chini ya bakuli kulikuwa na utando wa rangi ya asali, ukiugusa unanata. Kisha akachomoa jeti, kipande cha shaba kidogo kama punje ya hindi, akakielekeza juani na kufumba jicho moja.

"Angalia."

Nikaangalia. Sikuona kitu.

"Ndiyo hivyo. Ungetakiwa uone mwanga."

Kitundu cha jeti ni chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, na petroli yote ya injini hupita humo. Petroli yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowasha injini ya baridi, na ndivyo vinavyotangulia kuruka, hasa kwa joto letu la Morogoro. Vinavyobaki hukutana na hewa, vikageuka taratibu kuwa gundi. Miezi mitatu inatosha kuiharibu ikiwa tangi halijafungwa vizuri. Yangu ilikaa karibu miaka miwili, tangi likiwa nusu, na ile nusu ya juu ilikuwa hewa yenye unyevu iliyolipiga kutu bati. Sisi tuliozoea kusikia habari za petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hukimbilia kumlaumu muuzaji. Safari hii mchakachuaji alikuwa kalenda.

Betri ilinishangaza zaidi. Fundi aliweka mita, ikasoma 9 na ushee. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6, na ikishuka hadi 12 ujue imekaribia kwisha chaji.

"Lakini sijaitumia," nikasema, kama mtu anayejitetea barazani.

"Ndicho ilichofia hicho."

Ndani ya betri ya namna ile kuna sahani za risasi zilizozama kwenye tindikali. Chaji inapopungua, sahani huvaa chumvi nyeupe. Ukiichaji mapema, chumvi ile huyeyuka na kurudi kwenye tindikali. Ukiiacha, inaganda kuwa fuwele ngumu, na baada ya hapo hakuna chaja itakayoibandua. Wala haihitaji kutumiwa ili chaji iishe, maana betri hujila yenyewe kimyakimya, na joto huiongezea njaa. Fundi alinionyesha pia ungaunga wa kijani kwenye vichwa vyake, ambao huoshwa kwa maji ya magadi, kisha vichwa vikakaushwa na kupakwa grisi. Akaongeza kwamba betri isiwekwe kwenye sakafu ya saruji kwa kuwa saruji inanyonya chaji. Hilo sikulikubali, na kwa betri hizi za plastiki si kweli, lakini mtu aliyekwishakushinda mara mbili humkatizi mara ya tatu.

Wazee walisema akiba haiozi. Nadhani walikuwa wanahimiza ubahili mzuri, si kufundisha ghala, maana hata mahindi yana dumuzi. Mimi nililichukua neno lao kwa uvivu. Kuna vitu nilivyoviweka nikiamini kuweka ni kutunza, na sikuwa natunza ila turubai.

Nilichojifunza kwa fundi yule si kwamba kila kitu kitumike kila siku. Alinipa njia mbili. Ama niwashe jenereta kila mwezi, dakika 20 hivi, tena nje kabisa kwa sababu moshi wake unaua, na niiwekee mzigo, walau pasi na taa. Ama, nikijua sitaigusa muda mrefu, nimwage tangi, nifunge koki, niiache injini imalize petroli ya kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, kisha betri niitoe na kuichaji kila mwezi ikiwa pembeni. Hakuna njia ya tatu. Nusu tangi na kusahau ndiyo niliyokuwa nayo, na nikiangalia vizuri, ndivyo nilivyokuwa nimeyaacha mambo yangu mengi. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya kwaya ambayo sijakanyaga vikao vyake mwaka mzima. Nilimwaga tangi hilo wiki ileile, kwa barua ya mistari minne, na hakuna aliyeudhika. Waliniambia walikuwa wanangoja tu.

Kaka yangu wa Songea ni habari nyingine. Hatujawahi kugombana hata siku moja. Tuliachana tu, kila mmoja akimweka mwenzake akiba. Pale msibani tulilia pamoja, tukaahidiana, akapanda basi.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi natoa jenereta uani. Betri ni mpya, petroli ni ya juzi, kwenye dumu lililofungwa na kukaa kivulini nje ya nyumba. Mwezi uliopita ilipokuwa inanguruma, nikampigia. Simu iliita kidogo tu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna nini? Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Nani anaumwa basi?"

"Wote wazima, kaka. Nimewasha jenereta tu."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na redio mbali kidogo.

"Ile iliyotuaibisha?"

"Ileile."

"Hebu isogezee simu, mdogo wangu, niisikie."