Stima Haikupotea, Ni Mimi Niliovakloki

Februari nilimdanganya mteja. Nilikuwa nimechukua kazi ya video ya harusi ya mdogo wake, nikaahidi ataipata Ijumaa jioni, na Ijumaa jioni hiyo nilikuwa nimekaa kitandani natazama skrini ya buluu. Nikamtumia ujumbe: "Samahani dada, stima imepotea tangu mchana." Ni uongo ambao kila Mkenya huuamini bila maswali. Shida ni kwamba dada huyu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Mbona mimi napiga pasi?"

Sikujibu. Ungejibu nini hapo?

Wacha nieleze vile nilifika pale, kwa sababu najua kuna wasee hapa wanajijengea mashine zao na wanataka kufanya nilichofanya. Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa iende mbio kuliko kiwanda kilivyoipangia. Yangu ni Ryzen 5 2600, ya mtumba, niliinunua nikiwa bado naishi Umoja, Nairobi. Ina viini sita, kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.4, na yenyewe hujipandisha hadi 3.9 hali ikiruhusu. Viini vyote vikifanya kazi pamoja, yangu ilikuwa inatulia kwa 3.7 hivi. Na AMD hawakuifunga, kwa hivyo unaingia BIOS, unaweka namba unayoitaka, unaomba Mungu.

Nikaweka 4.1. Kasi hiyo haiji bure, lazima uongeze umeme, so nikapandisha volteji kutoka kama 1.2 hadi 1.38. Nikanunua kipoza cha mnara, kile kirefu chenye mabomba ya shaba, nikaachia mashine mzigo mzito usiku kucha. Asubuhi bado ilikuwa hai na joto halikuwa limepita nyuzi 78. Picha ya skrini nikaiweka status, nikaringa wiki nzima.

Kitu ambacho sikuandika kwa hiyo status: ilikuwa Julai. Nairobi ya Julai unaijua, watu wanavaa sweta ndani ya nyumba. Chumba changu kilikuwa nyuzi 19.

Januari nikahamia Mombasa kwa shangazi yangu, Bamburi, na mashine nikaja nayo kwa basi la usiku nikiwa nimeipakata. Hakuna mahali nilikaa chini nikajiuliza kama zile namba za Umoja zitafanya kazi huku. Namba ni namba, si ndio?

Hapo ndio nilibugi. Kipoza cha kompyuta hakitengenezi baridi. Kiwe cha feni au cha maji, kiwe cha elfu mbili au elfu ishirini, kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kwa prosesa na kulitupa kwenye hewa ya chumba. Hakiwezi kushuka chini ya joto la hiyo hewa hata ukikilipia karo ya chuo. Kama Umoja prosesa ilikuwa inakaa nyuzi 59 juu ya joto la chumba, basi chumba kikiwa nyuzi 32 hiyo ni 91. Hesabu ya darasa la nne. Kikomo cha hii prosesa ni 95, ikifika hapo inaanza kujipunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Na hiyo ni kabla hujaweka mambo yangu mengine. Kasha nililisukuma chini ya meza, kwa kona, mgongo ukiwa umegusana na ukuta, kwa hivyo hewa moto ikitoka nyuma ilikuwa inagonga ukuta na kurudi kuvutwa tena. Halafu vumbi. Vumbi la Umoja ni kavu, unapuliza linaondoka. Vumbi la huku karibu na bahari lina unyevu na chumvi, linaganda kwenye mapezi ya kipoza kama unga wa chapati kwenye mkono uliolowa. Wiki nne tu na kipoza changu kilikuwa kimevaa koti.

Siku ile sikuona hata 95. Niliona 93, nikasema bado iko sawa, nikaenda kuoga. Kile sikujua ni kwamba silikoni ikizidi kuwa moto, inahitaji umeme zaidi ili ishikilie kasi ileile bila kukosea. Ile 1.38 niliyoipima Julai ilikuwa inatosha nyuzi 78. Kwa nyuzi 93 haikutosha tena. Prosesa haikuungua, ilianza tu kukosea hesabu, na kompyuta ikikosea hesabu mahali pabaya inajizima. Video ilikuwa imefika asilimia 71.

Nikawasha tena. Faili ya mradi ikakataa kufunguka, ilikatika katikati ya kujihifadhi. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya Jumatano. Siku mbili za kazi zikaenda, na sio kazi yoyote tu, ni ile ya rangi: taa za ukumbi zilikuwa mbaya na hina ya bi harusi ilikuwa inatokea kijani, nikawa nimerekebisha mikono yake kipande kwa kipande. Zaidi ya sehemu 60. Ndio nikashika simu nikaandika habari ya stima.

Usiku ule sikulala, na kwa sababu sikuwa na la kufanya nikapiga hesabu ambayo ningepiga Julai. Joto la prosesa linakua pamoja na kasi, lakini kwa volteji linakua mara mbili yake, yaani volteji mara volteji. Kutoka 3.7 hadi 4.1 ni nyongeza ya kama asilimia 11. Volteji kutoka 1.2 hadi 1.38, ukiizidisha kwa yenyewe, ni kama asilimia 32. Ukiunganisha hizo mbili unapata joto karibu nusu zaidi ya lile la mwanzo. Nusu! Na nilipata nini? Video ambayo ilikuwa inatoka kwa dakika 44 ikawa inatoka kwa 40. Dakika nne. Hata chai haijachemka.

Sio kwamba kuovakloki ni ujinga tangu zamani. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300, na watu wakagundua ukibadilisha kasi ya madabodi kutoka 66 hadi 100 inafika 450. Hiyo ni nusu nzima ya kasi, bure. Mimi ningekuwepo ningefanya pia. Lakini siku hizi kiwanda chenyewe kimeshakamua. Prosesa inajipima joto na umeme na kujipandisha kila sekunde, kile kinachobaki kwako ni makombo, na makombo hayo unayanunua kwa joto. Wale jamaa unaowaona kwa video wakipita gigahezi 9 wanamwagia prosesa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, wanapiga picha ya namba, wamemaliza. Hakuna anayeedit harusi hapo.

Jumamosi asubuhi nikafungua mashine. BIOS nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Vumbi nikalitoa kwa brashi ndogo ya rangi, feni nikizishika kwa kidole zisizunguke. Pesti ya zamani nikaifuta kwa spiriti nikaweka mpya, tone la saizi ya mbaazi katikati, basi, sio kupaka kama siagi. Na hapa nikapata aibu nyingine: feni moja ya mbele nilikuwa nimeifunga kinyume. Ilikuwa inatoa hewa badala ya kuvuta, inashindana na mwenzake tangu Nairobi, na baridi ya Julai ikanifichia. Kama huna uhakika na yako, tazama ule upande wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia mota. Hewa hutokea upande huo.

Kasha nikalipandisha juu ya meza, mbali na ukuta. Halafu nikafanya kinyume cha kuovakloki: nikaanza kupunguza volteji, kidogo, napima saa moja, kidogo tena, napima, mpaka nikafika 0.08 chini ya ile ya kiwandani. Kiwanda huweka umeme wa ziada ili hata prosesa dhaifu zaidi ya kundi isikosee, na yangu ilikuwa haihitaji wote. Kasi ilibaki 3.7 ileile. Joto, saa nane mchana, chumba nyuzi 32, mzigo kamili: 71.

Hiyo hakuna mtu huiweka status. Haibambi. "Wasee, nimepunguza volteji" haina ladha. Mimi sasa naona ndiyo inafaa kuwa ya kuringia, hasa kama mashine inakulisha. Kama ni ya kucheza gemu na doo ni yako, ovakloki upendavyo, ikizima umepoteza mechi tu. Lakini ipime Machi saa nane mchana, dirisha likiwa vile huwa, sio usiku wa Julai.

Kazi ya rangi niliirudia Jumamosi yote na nusu ya Jumapili. Video ilitoka mara ya kwanza, dakika 44, na mimi nimekaa hapo mbele naangalia namba ya joto kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Jioni nikaipeleka kwa flashi, mkono kwa mkono.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Stima zimerudi?"

Nikamwambia ukweli wote, hadi feni ya kinyume. Alinisikiliza huku anakunja nguo, zile zile nadhani alizokuwa anapiga pasi Ijumaa.

"Kwa hivyo stima zilikuwako."

"Zilikuwako."

"Ungeniambia tu imeharibika. Mama alialika watu Ijumaa waje kutazama. Wamekaa, wamekunywa chai, wameondoka."

Hilo sikulijua. Akanikata elfu mbili kwenye salio na sikubishana. Nikiwa mlangoni akaniita, akanipa feni ya meza, ile ya zamani yenye waya wa mbele umepinda, akasema niirudishe kabla ya Ramadhani.

Ramadhani imekuja na kupita. Feni bado iko hapa mezani, imenielekea mimi, sio kompyuta.