Chozi wa Mlima Kenya

Katika mwaka wangu wa kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu nilifanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya. Nilikuwa nikifundisha habari za ndege, na mkononi nilishika kitabu chenye picha ya ndege-mvumaji, mdogo, mwenye mdomo mwembamba na manyoya yang'aayo. Nikawaambia wanafunzi, kama mtu asiye na shaka, kwamba ndiye huyo wamwonaye kila siku katika maua ya bustani yetu.

Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Samahani, Mwalimu, yule wa bustanini ni chozi. Yeye hutua kwenye tawi ndipo anywe. Huyu wa kitabuni anakunywa akiwa hewani."

Nikamwamuru aketi.

Usiku ule nilifungua vitabu, nikaona kijana amesema kweli. Ndege-mvumaji, ambao aina zao zapita 300, hawapatikani ila katika mabara ya Amerika. Machozi wetu ni wa Afrika na Asia, wakafika hata Australia. Hawana udugu wa karibu. Wamefanana kwa sababu wote huishi kwa kunywa maji matamu ya maua. Hayo niliyajua, lakini nilinyamaza muhula mzima.

Likizo ilipofika tuliupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, na kijana yule alikuwa miongoni mwetu. Tulilala katika Bonde la Teleki, juu ya mita 4,000. Kulipokucha nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na maji yaliyokaa katikati ya majani ya lobelia yalikuwa yameganda. Nilivaa soksi jozi mbili, na bado vidole vya miguu sikuvisikia.

Hapo ndipo nilipomwona. Alitua juu ya lobelia ndefu kuliko mimi, ile yenye manyoya marefu ya kijivu ambamo maua madogo ya buluu hujificha. Alikuwa chozi dume, mwili wake wa kijani kikali chenye kung'aa kama chuma kilichosuguliwa, na manyoya mawili ya mkia yamechomoza nyuma, marefu mno kwa ndege wa kimo kile. Alitumbukiza mdomo wake uliopinda, akautoa, akapanda hatua moja, akatumbukiza tena. Dume wa pili alipokuja, wa kwanza alitanua mabawa, na ubavuni pakatokea vishungi vyekundu kama makaa; kisha wakafukuzana hadi ng'ambo ya kijito. Jike alibaki, wa rangi ya udongo, akidonoa wadudu pasipo kuwajali.

Katika milima mirefu ya Ekwado yuko ndege-mvumaji aishiye katika baridi kama ile, ambaye usiku huuacha mwili wake upoe mpaka adhaniwe amekufa, na jua likichomoza huamka. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza wanafunzi hayo. Badala yake nilimwita yule kijana, wenzake wote wakisikia, nikasema, "Siku ile darasani wewe ulisema kweli, nami nilikosea. Nilijua usiku ule ule."

Aliinamisha kichwa, kwa maana si jambo jepesi kijana kuombwa radhi na mwalimu wake. Kisha akanyosha kidole kuelekea lobelia.

"Mwalimu, tazama, amerudi."